Maswali ya Wasomaji: Mzee Anayehesabu kwa Vidole

Katika toleo lililopita tuliambatanisha na makala kuhusu vita vya Culloden picha moja ya zamani: mzee mnene ameketi kitini, wigi kichwani, koti limembana tumboni, na mikono yake imekutana mbele ya kifua kama ya mtu anayehesabu kwa vidole. Chini yake tuliandika maneno machache tu, kwamba huyo ni Simon Fraser, Lord Lovat, kabaila wa Uskoti, kama alivyochorwa kwa tindikali na William Hogarth, mchoraji wa Kiingereza, mwaka 1746. Maneno hayo hayakuwatosha wasomaji, na barua zimetufikia kutoka pande nyingi. Nimechagua sita, nami naanza na ile inayogusa kiini cha picha yenyewe.

Swali: Ndugu Mwandishi, nimemtazama yule mzee kwa muda mrefu. Anahesabu nini? Na kwa nini mchoraji hakumchora katika fahari yake, akiwa na upanga na ngao ya ukoo, kama tunavyowaona makabaila wengine wa Ulaya? (Msomaji wa Morogoro)

Jibu: Ndugu yangu wa Morogoro, anahesabu watu. Wale waliokusanya habari za Hogarth baada ya kifo chake waliandika kwamba Lovat, alipokuwa akichorwa, alikuwa akisimulia ni wapiganaji wangapi walioletwa na kila mkuu wa ukoo katika jeshi la Mwanamfalme Charles Edward Stuart, aliyeasi mwaka 1745 ili kuirudishia nyumba yake kiti cha ufalme: mkuu fulani alikuja na kadhaa, mwingine na kadhaa, na kila mmoja akashikiwa kidole chake. Kwa hiyo kila kidole katika picha ile ni kikosi cha watu wa Nyanda za Juu za Uskoti, na katika vikosi hivyo wako waliokwisha kufa, waliokuwa gerezani na waliokuwa wakijificha milimani wakati mzee huyu anawataja.

Lovat alizaliwa karibu mwaka 1667, akawa mkuu wa ukoo wa Fraser wa Lovat, ambao ardhi yao ilikuwa magharibi ya mji wa Inverness, karibu na Beauly. Maisha yake aliyatumia kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine katika ugomvi wa kiti cha ufalme, kati ya nyumba ya Stuart, iliyong'olewa madarakani mwaka 1688, na watawala waliokuja baada yake. Aliwahi kukimbilia Ufaransa, akawekwa kizuizini huko kwa miaka mingi. Mwaka 1715, wafuasi wa Stuart walipoasi huko Uskoti, yeye alijitokeza upande wa Mfalme George I, akasaidia kuurudisha mji wa Inverness mikononi mwa serikali, na kwa huduma hiyo akasamehewa makosa yake ya zamani. Miaka 30 baadaye alitaka tena kuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Aliwaandikia wakuu wa serikali barua za utii, huku mwanawe, kijana wa miaka 19 tu, akiongoza watu wa ukoo kwenda kumpigania mwanamfalme. Tarehe 16 Aprili 1746 jeshi la Stuart lilivunjwa katika uwanda wa Culloden kwa muda usiozidi saa moja hivi, na tangu hapo barua zile hazikumfaa kitu. Mzee ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kumkataa ilibidi abebwe na watu wake kupita milimani, hadi askari walipomkamata mwezi Juni katika kisiwa kimoja ndani ya ziwa la Morar.

Alisafirishwa kwa hatua ndogo ndogo kuelekea London, na katikati ya Agosti msafara ulipumzika St Albans, mji ulio kaskazini mwa London, katika nyumba ya wageni iliyoitwa White Hart. Hapo ndipo Hogarth alipomkuta. Inasimuliwa kwamba Lovat alikuwa akinyolewa ndevu mchoraji alipoingia, akamkumbatia na kumbusu kwa desturi ya Kifaransa kama rafiki wa siku nyingi, na sabuni ikabaki shavuni mwa Hogarth.

Sasa nije kwenye fahari uliyoikosa. Picha ya kabaila yenye upanga na ngao ni picha iliyoagizwa. Kabaila mwenyewe humlipa mchoraji, huchagua vazi, mbwa, farasi na mandhari ya nyuma, kisha picha hutundikwa katika ukumbi wa nyumba yake ili wageni waione na wajue wamefika kwa nani. Picha ya Lovat haikuagizwa naye wala kulipiwa na jamaa zake. Ililipiwa na wapita njia wa London, mmoja mmoja. Chini yake kumechorwa maneno yanayotangaza kwamba amechorwa akiwa mbele ya macho ya mchoraji, kwamba kazi imefanywa kwa tindikali na Hogarth mwenyewe, kwamba imetolewa kwa mujibu wa sheria ya Bunge tarehe 25 Agosti 1746, na kwamba bei yake ni shilingi moja. Yaani tangu mzee aketi mbele ya mchoraji hadi sura yake iuzwe mitaani hazikupita wiki mbili. Na katika siku hizo hizo, tarehe 18 Agosti, makabaila wengine wawili wa Uskoti waliokuwa upande wa mwanamfalme, Kilmarnock na Balmerino, walikatwa vichwa hadharani Tower Hill, London. Mji mzima ulikuwa ukizungumza habari za waasi, na kila mtu alitaka kumwona anayefuata.

Habari zilizoandikwa baadaye zinasema kwamba mtambo wa kuchapia ulifanya kazi usiku na mchana kwa wiki nzima bila kuwatosheleza wanunuzi, kwamba kwa wiki kadhaa Hogarth alipata kiasi cha pauni 12 kwa siku, na kwamba muuza vitabu mmoja alitaka kulinunua bamba la shaba kwa uzito wake wa dhahabu. Pauni ilikuwa na shilingi 20, kama ilivyokuja kuwa hata kwa shilingi yetu ya Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, hivyo pauni 12 ni sawa na nakala 240 kwa siku. Kila nakala kati ya hizo ililazimu bamba lipakwe wino, lifutwe kwa mkono, liwekewe karatasi mbichi na kupitishwa mtamboni upya. Ukiwafikiria watu waliosimama kwenye mtambo huo usiku kucha, utaona jinsi hamu ya mji ilivyokuwa kubwa.

Wengi huisoma picha hii kana kwamba Hogarth na wanunuzi ndio pekee waliokuwa na la kusema, naye Lovat alikuwa kama kiti alichokikalia. Mimi sikubaliani nao. Juu ya meza iliyo kando yake pamelala kitabu kilichoandikwa kwamba ni kumbukumbu za maisha, pamoja na kalamu ya unyoya, vitu vya mtu ambaye bado ana la kuandika. Mkono wake unasema vivyo hivyo. Mfungwa anayehesabu vikosi vya wenzake, ilhali kesi yake mwenyewe haijasikilizwa, amejiweka mahali pa shahidi na kukimbia mahali pa mshtakiwa, na naamini alijua vizuri kwamba mkono ule utafika mahali ambapo sauti yake haitafika. Katika hesabu ile, kidole cha Fraser ni kimoja tu kati ya vingi.

Hata hivyo nisingependa ustadi wa mchoro utufumbe macho. Mwaka 1697 mtu huyu alimlazimisha Amelia Murray, mjane wa Lord Lovat aliyekuwa kabla, afunge naye ndoa ili ajipatie urithi, na inasimuliwa kwamba zumari za Kiskoti zilipulizwa kwa nguvu ili kilio cha mama huyo kisisikike nje ya chumba. Kwa tendo hilo alihukumiwa kifo bila yeye kuwepo mahakamani, na ndilo lililokuwa kubwa kati ya makosa aliyokuja kusamehewa baada ya mwaka 1715. Wanunuzi wa mwaka 1746 walimcheka mzee mwenye tumbo. Mimi kila nikiitazama picha namkumbuka Amelia, ambaye hakushikiwa kidole hata kimoja.

Swali: Mwalimu wetu hutuambia kwamba picha za chapa za makabaila wa zamani ni za kuchongwa. Ninyi mmeandika kwamba hii imechorwa kwa tindikali. Je, si jambo moja? Na ni ipi inayoaminika zaidi kuonyesha sura halisi ya mtu? (Mwanafunzi wa sanaa, Kampala)

Jibu: Mwalimu wako hakukosea, maana neno kuchonga hutumika kwa njia zote, lakini aliye karibu na kazi hii huzitenganisha, na tofauti zake zinaonekana kwa macho.

Katika kuchonga hasa, fundi husukuma kalamu ya chuma yenye ncha kali juu ya bamba la shaba na kuondoa uzi mwembamba wa shaba kila anapopita. Ni kazi ya polepole, ya wiki au miezi, na mistari yake hunenepa na kukonda kwa utaratibu, ikipangana kama mifereji ya shamba. Katika kuchora kwa tindikali, bamba hupakwa tabaka jembamba la nta na utomvu, kisha fundi huchora kwa sindano kama anayeandika kwenye karatasi. Sindano huiondoa nta na kuiacha shaba wazi, na tindikali inapomiminwa hula pale palipo wazi tu. Mstari wake ni huru zaidi, unatetemeka na kukatika kama mwandiko wa mkono. Hogarth alijifunza kazi akiwa kijana kwa mchongaji wa vyombo vya fedha, kwa hiyo kalamu ya chuma aliijua tangu utoto wa kazi yake. Alichagua tindikali kwa Lovat kwa sababu alikuwa na siku chache tu kabla habari haijachacha.

Njia ya tatu ni mezotinti, iliyobuniwa na Ludwig von Siegen, mwanajeshi wa Kijerumani, mwaka 1642. Bamba lote hukwaruzwa kwa chombo chenye meno hadi likipakwa wino litoe weusi mtupu, kisha fundi hulilainisha pale anapotaka mwanga. Matokeo yake ni vivuli laini kama mahameli, ndiyo maana mezotinti ilipendwa sana kwa kunakili picha za rangi ya mafuta, na picha nyingi za chapa za makabaila wa Uskoti wa karne ya 18 ni za aina hiyo. Udhaifu wake ni kwamba bamba huchakaa upesi, na nakala za mwisho huwa na sura ya ukungu.

Kuhusu kuaminika, nakushauri usianze na njia bali na mstari wa chini ya picha, ambao watu wengi huuruka. Mara nyingi una maneno ya Kilatini, yakiwa mazima au yamefupishwa. Neno *pinxit* hufuata jina la aliyepaka rangi, *delineavit* jina la aliyechora kwa kalamu, *sculpsit* jina la aliyechonga, na *excudit* jina la aliyechapisha. Ukiona majina matatu tofauti, ujue sura hiyo imepita mikononi mwa watu watatu kabla ya kukufikia: mchoraji alimwona kabaila, mchongaji aliiona picha ya mchoraji, na mchapishaji alilitazama soko. Katika picha ya Lovat jina ni moja, la Hogarth peke yake, na hilo ni jambo la thamani. Kumbuka pia kwamba karatasi hupokea kinyume cha kilichomo katika bamba, kama kioo, hivyo mchongaji asiyekuwa mwangalifu huweza kumpa kabaila upanga katika mkono wa kushoto.

Sheria ya Bunge inayotajwa chini ya picha nayo ina kisa chake. Hogarth alichoshwa na watu waliokuwa wakinakili kazi zake na kuziuza kwa bei ya chini, akawa mmoja wa waliolisukuma Bunge hadi likapitisha mwaka 1735 sheria ya kuwalinda wachongaji kwa miaka 14, kwa sharti kwamba jina la mwenye kazi na tarehe ya kutolewa vionekane kwenye bamba na kwenye kila nakala. Tarehe tunazozitegemea leo tunapopanga picha hizi kwa miaka zimetokana kwa kiasi kikubwa na sharti hilo. Hata hivyo wanakili hawakukoma. Sura ya Lovat ilirudiwa na mikono mingine mingi, na wengine waliigeuza kuwa picha ya rangi, kinyume cha mwendo uliozoeleka.

Na mwaka 1763, Hogarth alipomchora mwanasiasa John Wilkes, pia kwa tindikali na kwa shilingi moja, ilitangazwa kwamba picha hiyo ni ya kulinganishwa na ile ya Lovat. Miaka 17 ilikuwa imepita, lakini kila mtu aliikumbuka.

Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa fani hii, nikutajie Mskoti mmoja unayestahili kumjua. Robert Strange, mzaliwa wa visiwa vya Orkney, alijifunza kuchonga Edinburgh kwa Richard Cooper, akaichonga sura ya Mwanamfalme Charles mwaka 1745, kisha akalifuata jeshi lake. Siku chache kabla ya Culloden alikuwa akitengeneza bamba la kuchapia noti za fedha za mwanamfalme. Bamba hilo lilipotea katika kukimbia, likaja kupatikana karibu na ziwa la Laggan, na sasa limo katika jumba la makumbusho la West Highland mjini Fort William. Strange mwenyewe alinusurika, akawa mmoja wa wachongaji wakubwa wa Ulaya, na mwaka 1787 Mfalme George III, wa nyumba ile ile aliyoipiga vita ujanani, akampa cheo cha Sir.

Swali: Mimi naishi Glasgow, na kila duka la watalii hapa lina picha za machifu waliovaa sketi ya Kiskoti. Mbona Lovat, aliyekuwa chifu kweli, amevaa koti na wigi kama Mwingereza? Je, ni kwa sababu vazi hilo lilikuwa limepigwa marufuku? (Msomaji wa Glasgow)

Jibu: La, dada yangu, ingawa umeukaribia ukweli. Marufuku ya vazi la Nyanda za Juu ilipitishwa mwaka 1746, lakini ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1747, karibu mwaka mzima baada ya picha na miezi kadhaa baada ya Lovat mwenyewe kuuawa. Alivaa koti kwa sababu kabaila wa Uskoti aliyekuwa amekaa Ufaransa na kuzoea mahakama za Edinburgh na London alivaa hivyo. Vazi la miraba lilikuwa la nyumbani, la kuwinda na la vita, na kabaila mmoja aliweza kuwa na yote mawili sandukuni.

Ukitaka kuona vazi hilo kabla ya marufuku, nenda Edinburgh katika jumba la taifa la picha za watu mashuhuri lililoko barabara ya Queen Street, ambalo milango yake ilifunguliwa mwaka 1889, ukaitafute picha ya Lord Mungo Murray iliyochorwa na John Michael Wright karibu mwaka 1683. Yumo kijana mdogo aliyevaa kwa ajili ya kuwinda, nguo ya miraba imekunjwa na kufungwa kiunoni mikunjo kwa mikunjo, na mchoraji ameihesabu karibu kila nyuzi. Haifanani na sketi fupi iliyonyooshwa pasi ya madukani kwenu. Wakati wa marufuku wenyewe, Joshua Reynolds alimchora Earl wa Dunmore mwaka 1765 akiwa katika vazi kamili la Nyanda za Juu, na ni vema ujue kwamba sheria iliwaachia wanajeshi wa mfalme kile ilichowanyima wakulima.

Marufuku iliondolewa mwaka 1782, na hapo ndipo mafuriko ya picha za sketi yalipoanza. Henry Raeburn alimchora chifu Alastair Macdonell wa Glengarry karibu mwaka 1812 akiwa amejaa ukumbi mzima kwa mapambo, na mwaka 1822 Mfalme George IV alipotembelea Edinburgh alivaa sketi hiyo yeye mwenyewe. Picha nyingi unazoziona madukani ni watoto wa enzi hiyo. Picha ya Lovat haina miraba hata mmoja, na inatuonyesha chifu wa mwaka 1746 kwa uaminifu mkubwa zaidi.

Swali: Vitabu vinasema kesi ya Lovat ilisikilizwa Machi 1747. Nimeona picha ya chapa ya kesi hiyo, nayo imetiwa mwaka 1746. Nani amekosea? (Mwalimu wa historia, Kigoma)

Jibu: Hakuna aliyekosea, Mwalimu. Hadi mwaka 1752 Uingereza ilifuata kalenda ya zamani, na kwa shughuli za kisheria mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. Lovat alihukumiwa na Baraza la Makabaila katika ukumbi wa Westminster kuanzia tarehe 9 Machi, na shahidi mkubwa dhidi yake alikuwa John Murray wa Broughton, aliyekuwa katibu wa mwanamfalme. Kesi iliisha kabla ya tarehe 25, kwa hiyo kwa hesabu ya wakati ule ilikuwa bado mwaka 1746, na kwa hesabu yetu ni 1747. Utakutana pia na mtindo wa kuandika miaka yote miwili kwa pamoja, 1746/7. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Uskoti yenyewe ilikuwa imeanza kuhesabu mwaka kutoka tarehe 1 Januari tangu mwaka 1600, hivyo siku moja ya Machi iliweza kuwa na mwaka mmoja Inverness na mwaka mwingine London.

Swali: Nimenunua picha ya Lovat katika soko la vitu vya zamani huku Aberdeen. Muuzaji aliniapia kwamba ni ya mwaka 1746. Nitajuaje? (Msomaji wa Aberdeen)

Jibu: Itoe kwanza kwenye fremu, kwa mikono safi na bila haraka. Tafuta alama ya ukingo wa bamba, yaani mbonyeo wa pembe nne unaoizunguka picha, kwa kuwa mtambo hulikandamiza bamba kwenye karatasi mbichi kwa nguvu nyingi. Kama karatasi imekatwa ndani ya mbonyeo huo, usikate tamaa bado. Chukua kioo cha kukuzia: ukiona vitone vidogo vilivyopangana sawasawa, hiyo ni nakala ya kiwandani ya enzi ya kamera, na thamani yake ni ya fremu. Ukiona mistari ambayo wino wake umeinuka kidogo kwenye karatasi, endelea.

Inyanyue karatasi uielekeze dirishani. Karatasi ya mwaka 1746 iliundwa juu ya chekeche la nyaya, na nyaya hizo ziliacha mistari unayoweza kuiona mwanga ukipita. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza kutumika Uingereza katika miaka ya 1750, na haiwezi kubeba nakala ya kwanza ya Lovat. Lakini hata karatasi ya mistari haimalizi shauri, kwa sababu mabamba ya Hogarth hayakufa pamoja naye mwaka 1764. Mjane wake, Jane, aliendelea kuyachapa na kuishi kwa mapato yake hadi alipofariki mwaka 1789; kisha John Boydell aliyapata na kuyatoa upya, na mwaka 1822 yalitolewa tena baada ya James Heath kuyachonga upya pale yalipochakaa. Nakala za mwisho hujulikana kwa vivuli vizito vilivyokaa kama viraka, hasa katika mikunjo ya koti. Nakuomba uipeleke kwa mtaalamu wa jumba la makumbusho kabla hujaamini kiapo cha muuzaji, na kwa vyovyote usiigundishe kwa gundi kwenye kadibodi.

Swali: Siku hizi wataalamu huweza kuunda upya sura ya marehemu kutokana na fuvu la kichwa chake. Je, haiwezekani kumfanyia hivyo Lovat, ili tujue kama Hogarth alimtendea haki? (Msomaji wa Mombasa)

Jibu: Swali lako lingefungua mlango mzuri, ndugu yangu, kama fuvu lingekuwepo. Lovat alikatwa kichwa Tower Hill tarehe 9 Aprili 1747, akiwa mtu wa mwisho nchini Uingereza kuuawa kwa shoka kwa namna hiyo. Watu waliojaa kutazama walikuwa wengi kiasi kwamba jukwaa moja la watazamaji lilianguka na kuua kadhaa wao kabla yeye hajafikiwa. Yeye aliomba azikwe kwao, katika jengo la makaburi la ukoo huko Wardlaw, karibu na Inverness, lakini serikali ilitangaza kwamba amezikwa ndani ya kanisa dogo la Ngome ya London. Watu wa ukoo hawakuliamini tangazo hilo. Kwa vizazi vingi walishikilia kwamba mwili ulitoroshwa kwa siri hadi Wardlaw, ambako kulikuwa na jeneza lililobeba jina lake na ndani yake mwili usio na kichwa.

Jeneza hilo lilifunguliwa, na kundi la wataalamu wakiongozwa na Profesa Sue Black wa Chuo Kikuu cha Dundee wakaichunguza mifupa. Matokeo yalitangazwa Inverness mwezi Januari 2018 mbele ya watu wengi waliokuja kusikia kwa masikio yao. Mifupa haikuwa ya mzee wa miaka 80 mwenye baridi yabisi. Ilikuwa ya mwanamke kijana.